Matarumbeta Yaliyoning'inia Kwenye Kenchi

Tangu nikabidhi funguo za stoo ya bendi, asubuhi zangu zimekuwa ndefu kweli. Nakaa barazani hapa Naipingo na chai yangu ya rangi, mwili umestaafu lakini masikio bado yanakwenda kazini. Jogoo wa jirani akiwika nasema moyoni, huyo kapanda juu mno, ataishiwa pumzi. Wakati mwingine ukungu ukiwa bado umelala kwenye mikorosho nasikia skeli nzima, inapanda na kushuka, wala hakuna mtu anayepiga. Mke wangu ananiuliza, "Baba Agnesi, unacheka na nani?" Namwambia nacheka na wanafunzi. Ananiongezea sukari, maana anadhani ni njaa.

Ninyi mliobaki na bendi mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Haya, naandika. Vyeo nitaviruka, nilipata viwili, na vyote viliniongezea vikao tu. Nitaandika habari za midomo, kwa sababu kwenye midomo ndiko nilikokosea, na kosa lenyewe nililifanya kwa bidii.

Siku ya kwanza nilipofika shuleni paroko alinipa ufunguo uliofungwa kamba ya katani. Akasema, "Mwalimu Alois, humo ndani kuna bendi." Nikafungua. Bendi sikuiona, niliona popo. Chini yao palikuwa na matarumbeta kumi na moja yaliyoviringishwa kwenye magunia ya mahindi, pistoni zimeganda, na harufu ambayo sitaielezea kwa sababu huenda mnasoma mkiwa mnakula. Chuoni nilikuwa nimejifunza kinanda na kusoma noti. Tarumbeta nilikuwa sijawahi hata kulishika. Lakini nilikuwa kijana, na kijana akipewa ufunguo hawezi kusema hajui.

Nikayafunga manne kwenye baiskeli nikaenda nayo Nachingwea mjini, kwa Fundi Saidi. Huyu alikuwa fundi baiskeli karibu na soko, lakini ujana wake aliumalizia kwenye bendi moja ya dansi, akipiga tarumbeta mpaka bendi ikafa. Alizilowesha pistoni kwenye mafuta ya taa, akazisugua taratibu kwa kitambaa, na jioni zilikuwa zinashuka na kupanda kama mpya. Ndiye aliyenionyesha pa kuweka midomo.

"Mwalimu, unalisukuma," aliniambia siku ile ile. "Tarumbeta si mlango. Lishike kama umeshika kifaranga. Nguvu ziwe hapa," akanigusa pembe mbili za mdomo, "na hapa," akanipiga tumboni kwa spana, si kwa nguvu sana.

Niliitikia ndiyo, ndiyo, Fundi. Nikarudi shuleni nikaendelea kusukuma. Sababu ni nyepesi. Ukikikandamiza kile kikombe cha kupulizia kwenye mdomo, mdomo unabanika, unakuwa mwembamba, na noti ya juu inatoka hapo hapo. Ukifuata njia ya Fundi Saidi, noti hiyo hiyo utaisubiri miezi. Mimi sikuwa na miezi, nilikuwa na sikukuu ya Ekaristi wiki tatu mbele. Tukapiga kwenye maandamano, watu wakapiga vigelegele, nami nikajua nimeshakuwa mwalimu wa tarumbeta.

Sasa nawaambia la aibu. Ukisukuma sana kikombe, mdomo unabaki na alama ya duara. Sisi tuliiita pete. Nikaanza utaratibu wangu: mazoezi yakiisha, napanga vijana mstari, napita nakagua midomo kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Mwenye pete ya kina zaidi ndiye aliyejituma, basi nasema, "Mpigieni makofi ya kilo!" Wanampigia. Asiye na pete namwuliza kama alikuja kupiga au kusindikiza. Wajanja walijua dawa. Dakika ya mwisho wanageukia ukutani, wanakikandamiza kikombe kavu mdomoni mpaka macho yanatoka maji. Nilijua, nikacheka tu. Nilidhani ni uchangamfu.

Tulipiga kila mahali, kuanzia Ruponda mpaka vijiji vya Ruangwa. Tulipiga kwenye misa, mahafali, harusi, na kwa watoto waliotoka jandoni. Bendi yetu haikuuliza dini ya mtu, iliuliza mapafu. Na kila baada ya miaka miwili mitatu, mpigaji wangu mzuri alikuwa anaacha. "Mdomo umechoka, Mwalimu," wanasema. Nikawaita wavivu. Wengine nakutana nao sasa sokoni, wanaume wazima wenye wajukuu, wananiamkia kwa heshima, na mimi naangalia chini.

Zuhura alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na minne, kutoka Nandagala, akikaa kwa shangazi yake. Alikuwa na pumzi ambayo sijaiona tena. Alipomaliza kidato cha nne hakuondoka, aliendelea kuja mazoezini kila siku. Alipofika miaka ishirini, ikasikika habari kwamba bendi moja ya askari kutoka mjini itapita Ruangwa kabla ya Pasaka kusikiliza vijana, na inataka mpiga tarumbeta mmoja tu. Zuhura akanifuata ofisini.

"Mwalimu, mimi kilimo siwezi. Nimejaribu. Jembe linanichukia."

"Mama anasemaje?"

"Amesema atanisubiri mpaka Pasaka. Nikikosa, nirudi Nandagala tukapalilie ufuta, na habari za tarumbeta ziishe."

Hiyo ni miaka sita kabla sijastaafu. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, moshi wa maganda umetanda kila uani. Wiki mbili baada ya mazungumzo yale Zuhura akaja mazoezini amejifunika mtandio mpaka puani. Nikamwambia atoe. Hakutaka. Alipoutoa, lo! Mdomo wa juu umebabuka wote, umevimba, unang'aa. Alikuwa amechoma korosho kwa shangazi yake, akashindwa kungoja zipoe, akaivunja moja kwa meno. Kila mtoto wa huku anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanachuna ngozi, na kila mtoto wa huku ameshavunja korosho kwa meno.

"Umri huu!" nikafoka. "Miaka ishirini, unavunja korosho kwa meno kama nyani!"

"Ilikuwa inanukia, Mwalimu," akasema, na machozi yakamtoka.

Nikampeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli. Daktari alikuwa kijana, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtu. Akamsafisha, akampaka dawa, kisha akaugeuza mdomo kwa kidole na kumulika ndani kwa tochi. Akaniita nisogee.

"Haya ya nje ni korosho, yatapona," akasema. "Haya ya ndani ni nini?"

Nikaangalia. Ndani ya mdomo wa juu palikuwa na makovu mawili meupe, magumu, yenye umbo la meno ya mbele kabisa. Hayakuwa ya wiki ile. Yalikuwa ya miaka.

"Huwa unajiuma?" daktari akamwuliza.

"Hapana," Zuhura akajibu, tena kwa fahari. "Ni mazoezi."

Daktari akasema mdomo ule ukiendelea kusagwa kati ya chuma na meno utakufa ganzi, na mdomo wenye ganzi haupigi kitu. Mwezi mzima asiguse tarumbeta. Nje ya hospitali Zuhura akaniuliza kama miezi minne inatosha. Nikamwambia inatosha. Sikujua. Nilipofika nyumbani nikachukua kioo cha kunyolea, nikaugeuza mdomo wangu mwenyewe. Makovu mawili, yale yale. Niliona aibu mpaka nikakiweka kioo kifudifudi.

Siku ya tatu mama yake akaja. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwalimu, nilikuletea mtoto mwenye mdomo mzima."

"Kweli, Mama Zuhura. Kosa ni langu."

Hakulitegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ukamfia mkononi. "Haya. Kwa hiyo?"

"Nitarekebisha."

"Unajua kurekebisha?"

"Sijui."

Akaguna. "Mh. Angalau hudanganyi. Basi tarehe ni ile ile, Pasaka."

Nikaenda kwa Fundi Saidi. Alikuwa bado pale pale karibu na soko, mzee sasa, anaziba pancha. Meno ya mbele yote yalikuwa yameshaondoka. Nikamweleza kila kitu. Akauliza, "Nilikwambia usisukume, lini vile?" Nikamwambia yapata miaka ishirini na nane. Akatikisa kichwa. "Mwanafunzi mzito."

Kisha akanawa mikono, akachukua tarumbeta nililokuja nalo, akalilaza juu ya kiganja kilichofunguka, bila kulikamata, akapuliza. Jamani! Ikatoka sauti nyembamba, safi, ikakaa hewani bila kuyumba, mpaka muuza vitenge wa jirani akatoka kuangalia. Mzee asiye na meno!

"Sina meno ya kusukumia," akasema. "Nikilisukuma litaingia kooni. Kwa hiyo mdomo unafanya kazi yake wenyewe. Umeelewa leo, au utarudi baada ya miaka ishirini na nane mingine?"

Akakata mipira ya ndani ya baiskeli, vipande virefu kama kamba. Kimoja akakizungusha kwenye ile ndoano ndogo ya tarumbeta ambamo kidole cha mwisho hujishikiza, mpaka ikaziba kabisa. Akasema ndoano ile ndiyo mchawi, kidole kikiingia pale kinalivuta tarumbeta usoni bila mtu kujua. Vingine akanipa nikatundikie matarumbeta kwenye kenchi ya darasa, zile mbao za paa, yafike kimo cha mdomo, vijana wapige mikono ikiwa nyuma. "Na wewe mwenyewe upige nao," akasema. "Usiwe trafiki wa kuelekeza tu."

Nikawakusanya vijana wote. Nikawaambia: ile habari ya pete nilikosea, tangu siku ya kwanza, na walioumia wameumia kwa sababu yangu. Nikasema kuanzia leo atakayeonekana na pete anaweka tarumbeta chini siku hiyo hiyo, anachukua ufagio.

"Hata wewe, Mwalimu?" akauliza mmoja.

"Hata mimi."

Wiki ile nilifagia siku nne.

Miezi iliyofuata naikumbuka kama ndoto ya mchana. Mvua zilianza, bati linanguruma, mlima ng'ambo umepotea kwenye weupe, na ndani ya darasa matarumbeta kumi na moja yananing'inia hewani, yanageuka taratibu, yanameta. Vijana wamesimama kila mmoja mbele ya lake, mikono nyuma, kama watu wanaonong'onezwa siri. Ukilisukuma linakukimbia. Linabembea mbele, halafu linarudi kukugonga pua. Inabidi ulifuate polepole, mdomo wako ndio ulipokee, ugusane nalo tu, kisha upulize kutoka tumboni. Wiki ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Tulisimama tunapuliza upepo, na mvua nje nayo inapuliza wa kwake, na nakumbuka niliwaza kwamba paroko akipita atatufunga.

Zuhura mwezi wa kwanza hakugusa chuma. Nilimpa penseli. Unaishika kwa midomo tu, bila meno, ikae imenyooka mbele, unahesabu. Siku ya kwanza ilidondoka kabla ya kumi. Wiki ya nne, ngozi mpya ilipokwishafunga, aliweza kuishika mpaka mia moja, akitembea juu ya tuta la reli iliyong'olewa zamani, penseli mdomoni, na kina mama waliotoka shamba wakimpisha njia kwa huruma.

Alipoanza kupiga tulianzia chini kabisa, kwa sauti ndogo. Unapiga kwa hesabu ya nane, unapumzika kwa hesabu ya nane. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi, hilo wengi wenu mnalidharau na mimi linanikera. Pembe za mdomo zikianza kutetemeka, unaacha, hata kama ni dakika ya tano. Kila wiki tuliongeza hatua moja kwenda juu, si mbili. Ngozi yake mpya ilikuwa laini mno, akigandamiza kidogo tu anaruka kwa maumivu. Nilimhurumia, lakini niwe mkweli, ile ngozi ilimfundisha vizuri kuliko mimi.

Zikabaki wiki tatu. Noti ya juu kabisa, ile tuliyoambiwa itaulizwa kwenye usaili, ilikuwa haijafika. Ilikuja nusu, ikakatika. Siku hiyo Zuhura alilisimamisha tarumbeta lililokuwa linabembea, akanigeukia.

"Mwalimu, siku yenyewe nitasukuma. Mara moja tu. Wakishanichukua nitajifunza polepole."

"Na mdomo ukifa?"

"Ufe nikiwa na kazi."

Nilijua kwamba akisukuma noti itatoka, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuitoa hivyo. Nilijua pia nani anamsubiri Nandagala. Mwisho nikasema, "Kule ndani mimi siingii, Zuhura. Mdomo ni wako. Sitakulaumu ukichagua hivyo. Ila ukisukuma utapiga miaka mitatu, halafu utakuwa kama wale walioniambia mdomo umechoka, nami nikawaita wavivu." Akafuta pua kwa kiganja. Tukaendelea.

Usaili ulifanyika Ruangwa, kwenye ukumbi wenye madirisha ya nondo. Nilikaa nje chini ya dirisha, kwenye tofali. Vijana sita walipiga kabla yake. Niliwasikiliza mmoja mmoja, nikawajua wote kwa masikio, wasukumaji. Wanaanza kwa kishindo, na kufika katikati sauti inachubuka, inakwaruza, mwisho wanaomba maji.

Akaingia Zuhura. Skeli zikapita. Wimbo ukapita. Kisha nikasikia sauti nzito ya kiume, "Sasa ile ya juu." Nilifumba macho. Mikono yangu ilikuwa inabana magoti yangu kwa nguvu zote, ndiyo, mimi nilikuwa nasukuma pale nje. Nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, ya tumboni.

Ikaja ndogo. Ndogo mno, nikadhani imekatika. Halafu ikafunguka, ikajaa ukumbi, ikatoka dirishani juu ya kichwa changu, nyeupe, haina kwaruzo hata moja. Sukari ya sauti! Ilikwenda zake juu ya mabati ya Ruangwa kama haina haraka ya kufika popote.

"Tena," akasema yule mtu. Akapiga tena. "Tena, na wimbo wote kuanzia mwanzo." Akapiga. Walimzungusha karibu nusu saa, nadhani walikuwa wanangoja achoke. Kila alipopewa nafasi alipumzika kwa hesabu ya nane, bila kuomba radhi.

"Nani kakufundisha?" yule mtu akauliza hatimaye.

"Mwalimu Alois, afande. Wa Nachingwea."

"Kakufundisha vizuri."

"Kanifundisha mara mbili, afande," Zuhura akasema. "Mara ya kwanza alikosea."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Akangoja wanyamaze, akaongeza, "Alisema mwenyewe, mbele yetu sote."

Walimchukua. Mimi sikuwa nimengoja kusikia hilo. Nilikuwa nimeshaanza kulia pale kwenye tofali, mzee mzima na kofia yake. Miaka thelathini na minne ya kazi watu wamenisifu na wamenisema, na hakuna aliyewahi kunisema kwa haki namna ile, hadharani, kwa sauti isiyotetemeka.